Vidole Kumi vya Barasa

Barasa alinipokea uwanja wa ndege wa Doha akiwa ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimetanuka, utadhani ameamriwa na polisi asimame pale pale. Watu waliokuwa wakisukuma mizigo yao walimpisha. Askari wa mlangoni alimtazama mara mbili. Mimi nilicheka mpaka begi likanidondoka, kisha, Mungu wangu, nikajikuta nalia mbele za watu, mwanamke mzima wa miaka arobaini na minane, miwani ya kusomea ikiningʼinia kifuani. Nafula mkewe alinikumbatia akasema, "Dada Rehema, huyu nimemwambia aache hiyo tabia, siku moja atatiwa ndani." Binti yao Imani, ambaye anatimiza miaka kumi wiki hii na ndiye aliyenitoa Voi kuja huku, aliuliza baba anafanya nini. Hakuna aliyemjibu. Leo ni siku ya tatu niko kwao hapa Al Sadd, ghorofa ya sita, naletewa chai na mto wa kuegemea mgongo, na mtoto bado anauliza. Wazazi wake wakiulizwa hutazamana, halafu hunitazama mimi. Basi nimeona niandike, atasoma akikua, na mimi nitakuwa nimeutua mzigo huu.

Mwaka wenyewe ulikuwa wangu wa tatu hapa, miaka kumi na minne iliyopita. Nilikuwa nafua shuka za hoteli, si mbali na ninapoandikia sasa. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha hata moja, mashine nane zinanguruma kutwa, na ukitoka nje saa nane mchana wa Julai unahisi umehamia tu kwenye mashine ya tisa. Msimamizi wetu alikuwa Mfilipino mmoja mfupi, Luz, mwenye sauti ndogo na sheria nyingi. Ukutani alibandika karatasi ya alama zinazochapwa kwenye madumu ya dawa, akatukaririsha kama watoto wa darasa la kwanza. Fuvu, sumu. Mkono unaoliwa, inachoma ngozi. Moto, inawaka. Halafu ilikuwapo moja iliyonichanganya, moto umekaa juu ya duara, na mimi nikasema hiyo nayo ni inawaka. Luz akatikisa kichwa. "Hii yenyewe haiwaki, Rehema. Hii inaupa moto pumzi. Moto wa kawaida unavuta hewa kidogo kidogo. Ukikutana na hii unapumua kwa mapafu kumi." Dawa yetu ya kutakatisha shuka ilikuwa na alama hiyo, na ilikaa rafu yake peke yake, na ole wako uweke karibu nayo hata kitambaa chenye mafuta. Nilimwona ana wasiwasi wa bure. Sisi kwetu kila kitu ni dawa: dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya choo, zote zinakaa chini ya sinki moja na hatujafa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati ule.

Barasa alikuwa mtunza bwawa la kuogelea huko The Pearl, mtaa wa matajiri, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye mdomo usiofungwa. Lakini Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, hakuwa mtu wa bwawa. Ijumaa alikuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu ya Kiswahili pale kanisani Mesaimeer, na nikisema mpiga kinanda sisemi wale wa kubonyeza tu. Vidole vyake vilikuwa virefu, vikavu, na akianza kupiga hata watoto wakorofi walikaa. Kinanda kilikuwa chake mwenyewe, alikinunua mwaka wake wa kwanza badala ya kununua godoro zuri, na kilikaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba moja huko Abu Hamour ambako wanakwaya saba walipanga pamoja. Tulikiita chumba cha mazoezi. Kilikuwa na zulia la buluu lililochanika, viti vya plastiki, na feni iliyokuwa ikilia kwa kila mzunguko. Baada ya ibada tulikuwa tukila huko: ugali wa unga uliokuja kwenye begi la mtu, sukuma, matumbo yaliyokaangwa mpaka yakawa na ukoko, na soda za kopo. Pale ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akitaja fataki. Alikuwa akimwambia mpiga besi, "Nafula akifika, siku ya kwanza tu, nitamwashia chemchemi ya dhahabu. Natengeneza mwenyewe." Nafula alikuwa mchumba wake, muuguzi, amepata kazi hospitali fulani hapa, anatarajiwa mwisho wa Oktoba.

Nilimrukia. Nilimwambia nchi hii ukikutwa unatengeneza kitu cha kulipuka watakuuliza maswali ukiwa jela, kisha utapandishwa ndege bila hata kuchukua soksi, na sisi tunaokula matumbo humu tutakufuata. Akacheka. "Rehema wewe, wacha uoga. Si bomu. Ni cheche tu, zinapanda hivi, zinashuka." Alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu wa Ulaya wanaotengeneza fataki kwa kupenda tu, watu wazima wenye mashamba, vibali na vibanda vyao mbali na nyumba. Alinionyesha picha zao kwenye simu. Nikiri kitu: zilikuwa nzuri. Na Barasa akizizungumzia macho yalimng'aa, na mwaka ule sikuwa nimeona macho ya mtu yeyote yaking'aa kwa kitu kisicho mshahara au likizo. Nilifanya kosa la watu wazima wanaopenda vijana. Badala ya kukataa, nikaanza kumsaidia awe mwangalifu.

Hatari ya kwanza niliikamata mwenyewe, na nadhani ndiyo iliyonipa kichwa kikubwa. Ijumaa moja alikuja na kijidumu cheupe kutoka kazini, amekifunga kwa mfuko. "Angalia alama," akasema, "moto juu ya duara. Ile ile wanayosema kwenye kundi. Kumbe nimekuwa nikiimwaga bwawani kila asubuhi!" Ilikuwa klorini ya bwawa. Nikamwambia alama ni moja lakini tabia ni mbalimbali, kwamba hiyo ikikutana na mafuta tu, au jasho, inaanza fujo bila kuombwa, na Luz alishatusimulia ndoo iliyochemka yenyewe. Barasa akaandika kwenye kundi lake akauliza. Wale Wazungu walimjibu kwa ukali hata akaona haya. Kijidumu kilirudi The Pearl jioni ile ile. "Basi umeniokoa," akanisalimu kama mwanajeshi. Nami nikavimba.

Ndipo nilipomwendea Mzee Bakari. Huyu alikuwa dereva wa familia moja ya Kikatari, Mswahili wa Mombasa aliyezaliwa Mji wa Kale, na bibi mwenye gari alipenda kununua vitambaa kwenye duka lililopakana na mlango wa nyuma wa hoteli yetu. Bibi akiingia humo hatoki kabla ya saa nzima. Mzee alikuwa akiegesha kivulini, ananunua karaki mbili, ile chai nzito ya maziwa, moja yake, moja ya yeyote kati yetu aliyetoka kupunga hewa. Sikio lake la kushoto halikusikia kabisa, kwa hiyo alizungumza kwa kupiga kelele, na ukitaka akusikie ulilazimika kukaa kiti cha abiria, kulia kwake. "Kaa huku, mwanangu," alikuwa akisema, "sikio hili ndilo lenye watu." Tulijua kwamba ujanani alikuwa kibarua wa fundi wa fataki, zile fashfashi zilizorushwa kwenye harusi. Sikuwa nimewahi kumwuliza lile sikio lilikwenda wapi.

Nilimwuliza siku hiyo, karaki mkononi, kiyoyozi cha gari kikinipuliza. Akaniambia yote kwa ile sauti yake ya mnadani. "Sisi twalitumia shura," akasema. "Wajua shura? Chumvi ya baruti. Ile nd'o mama wa kazi hii. Mvivu, mpole, haamki mpaka umpe moto wa kweli, na hata yeye nimemwona akiunguza watu. Kisha ikaja ile nyingine, klorati. Rangi zake! Nyekundu wallahi kama tunda. Mafundi wakaipenda. Lakini ile ina hasira, mwanangu. Ile haingoji moto. Uisugue tu na kitu isichopatana nacho, basi." Fundi wake alikuwa anasugua, hana moto, hana sigara, anaimba kidogo kidogo. Bakari alikuwa amesimama mlangoni, ubavu wa kushoto umeelekea ndani. Fundi alizikwa alasiri ile ile. Nikamwambia mzee kwamba Barasa anazungumzia kitu kingine chenye jina linalofanana na hilo, perklorati, wale wa kundi wanasema kina adabu zaidi. Mzee akasema naam, amesikia, kina adabu kuliko klorati lakini si kitu cha kuwekwa nyumbani kwa watu, na huyo kijana kwani ana uhakika gani amepewa kipi? "Mwambie aache," akasema. "Na kama hasikii, mwambie hivi: hicho kitu kisikae chumba kimoja na kibiriti. Wanisikia? Asikiweke pamoja na kibiriti, wala mkono ulioshika hiki usishike kile."

"Kiberiti?" nikauliza, nikifanya kidole kama nawasha njiti. Nilikuwa nimegeukia dirishani, hata hakukiona kidole, kwa sababu bibi alikuwa anatoka dukani.

"Kibiriti, kibiriti!" akapaza, akiwasha gari.

Nikaibeba ile amri kama nilivyoisikia. Mimi mtu wa Voi, nusu pwani nusu bara, kiberiti najua ni kile cha kwenye kiboksi. Barasa wa Bungoma ndiyo kabisa. Siku iliyofuata nilienda chumba cha mazoezi nikakisaka kama polisi. Nilitoa viboksi vitatu vya njiti, kimoja jikoni, kimoja dirishani, kimoja ndani ya gitaa la mpiga besi, sijui kilifuata nini humo. Nikapiga marufuku sigara mpaka uani. Nikabandika karatasi mlangoni: HAKUNA KIBERITI HUMU. Barasa aliniunga mkono kwa moyo wote, akaongeza na lake, simu izimwe kabisa ukiingia. Tulikuwa waangalifu, jamani! Tulijisifu. Na wakati ule wote kwenye kabati la chini, nyuma ya vitabu vya nyimbo, kulikuwa na mifuko yake miwili, mmoja wa unga mweupe na mmoja wa unga wa manjano, imeegemeana. Sitasema aliipata wapi. Ule mweupe uliandikwa jina refu kwa herufi ndogo, na baadaye ndipo tulipokuja kusoma vizuri: ilikuwa klorati. Alidhani klorati na perklorati ni kitu kimoja, kwamba moja ni jina kamili na nyingine mkato wake.

Nikiwa hapa mezani kwa Nafula, nikimsikia Imani chumbani akikosea kinanda na kuanza upya, najiuliza ingekuwaje kama Achieng' asingepata upele. Achieng' tulilala chumba kimoja, wanawake sita, vitanda vya ghorofa, yeye juu yangu. Oktoba ile akaanza kujikuna. Alikuna usiku na mchana, kitanda kikitikisika, nami chini natikisika naye. Daktari alimpa dawa ikachelewa kufanya kazi. Basi Ijumaa moja, saa kumi alasiri, nilikuwa zamu, nikatoka mlango wa nyuma kupumzika. Mzee Bakari yupo na karaki zake. Nafula alikuwa anatua kesho yake. Barasa alikuwa ameniambia asubuhi kanisani, kwa kuning'oneza, kwamba leo ndiyo leo, saa kumi anakwenda chumba cha mazoezi kuchanganya. Nilimwambia aangalie kiberiti. Akaniambia nisijali.

Nikaketi kulia kwa mzee, nikaanza kulalamika habari za upele. Akanisikiliza akipuliza kikombe. "Mpake kibiriti," akasema.

Nikacheka. "Mzee, unataka nimchome mwenzangu?"

"Umchome kwani nini? Kibiriti! Na mafuta ya nazi. Siku tatu, upele hauna habari."

"Kiberiti cha kuwashia?"

"La, la, la! Kibiriti upele! Ule unga. Unga wa manjano, wanuka kama yai bovu. Nyie watu wa bara mwauita salfa. Mama zetu wote walitupaka."

Sijui kama umewahi kusikia damu ikikuhama kichwani. Mimi niliisikia. Kikombe kilinimwagikia sketi na sikuhisi moto wake. Nikamwuliza, nikimshika kwa mkono lile sikio lake linalosikia, nikisema pole pole, "Mzee. Ulisema Barasa asiweke ile klorati pamoja na kibiriti. Kibiriti kipi?"

"Si hicho hicho," akasema. "Cha manjano." Kisha akaniona uso. "Amekiweka?"

"Anachanganya sasa hivi."

Nilipiga simu. Imezimwa, bila shaka imezimwa, tulikuwa waangalifu. Nilipiga ya mpiga besi, akasema yuko kazini. Mzee Bakari aliweka kikombe chake chini. Alitazama mlango wa duka ambamo bibi yake alikuwa anachagua vitambaa, akatazama saa, akafunga mkanda wake, akanifunga na mimi. Aliondoka. Nilikuwa na sare ya kazi, zamu yangu haijaisha, yeye ameiba gari la bwana wake, na hatukuzungumzia hata moja kati ya hayo. Kutoka Al Sadd mpaka Abu Hamour si mbali, lakini siku ile kila taa ilitushika. Nilisali kwa Kitaita, lugha ambayo kwa Mungu siitumii ila nikiwa nimebanwa kweli. Nilikuwa naona vidole. Sikuona kifo, sikuona polisi, niliona tu vile vidole virefu vikavu juu ya funguo nyeupe, na kila nikivihesabu vinapungua. Na nilijua ni mimi. Mzee alinipa neno zima, mimi nikapeleka nusu.

Tulipofika nilifungua mlango wa gari kabla halijasimama. Nilikuwa tayari kukimbia nikipiga kelele, nigonge mlango kwa ngumi. Mzee alinidaka mkono. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimsikia akinong'ona. "Usigonge. Usimshtue. Kama mchi umo mkononi mwake, usimshtue." Tukatembea uani kwa vidole vya miguu, mimi na yule mzee wa kanzu, tukipita kamba za nguo na ndoo na baiskeli ya mtu. Nilikuwa naogopa hata viatu vyangu. Tulipokaribia kona ndipo nikasikia.

Kinanda. Ule wimbo wa kuingilia ibadani, ile sehemu ya kati ambayo asubuhi aliikosea, anairudia. Anaipiga, anasimama, anaipiga tena, haraka kidogo, kwa mikono miwili. Nilikaa juu ya ndoo. Sijasikia muziki mtamu kama ule na sitausikia. Mzee Bakari, ambaye hakuwa anausikia vizuri, alinitazama akiuliza kwa macho, nami nikamwonyesha kwa vidole vyangu hewani kwamba anapiga, anapiga. Akashika ukuta. "Alhamdulillahi," akasema, bado kwa kunong'ona.

Nikasukuma mlango taratibu. "Barasa," nikasema kwa sauti ile unayomwitia mtoto aliye ukingoni mwa kisima, "mikono yako ibaki hapo hapo ilipo."

Alituangalia, mwanamke mwenye sketi iliyolowa chai na mzee wa kanzu. Mezani nyuma yake kulikuwa na gazeti limetandazwa, sahani ya unga mweupe, sahani ya unga wa manjano, na kati yao kinu kidogo cha vitunguu saumu, mchi umelazwa ndani, safi. "Vipi?" akasema. "Nilikuwa naanza, nikasema wacha kwanza niitoe hii sehemu kichwani. Imenisumbua tangu asubuhi. Mbona mko hivyo? Kiberiti hakuna humu, nimeangalia mara mbili."

"Hicho cha manjano kinaitwaje?"

"Salfa."

"Mzee anakiita kibiriti," nikasema.

Alifungua mdomo. Aligeuka akatazama sahani mbili, kisha kinu, kisha karatasi yangu mlangoni. Nililiona likimwingia pole pole, kutoka uso mpaka mabega. Aliondoa mikono kwenye kinanda akaiweka kati ya mapaja yake, akaibana. Mzee akamwambia asimame, atoke, asiguse chochote, akanawe mpaka viwiko. Alipotoka uani nilimpiga kofi la bega kwa nguvu zangu zote. Kisha nikamshika mikono yote miwili nikahesabu kwa sauti, kidole kwa kidole, mpaka kumi, nikarudia tena. Mzee alimwangalia akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, mtaa mzima ukisikia, "Fundi wangu naye alikuwa aimba!" Akakaa juu ya ile ndoo, akacheka huku machozi yanamtoka.

Vitu vile tulivifungia pale pale vilipokuwa, nikarudi hotelini nikamweleza Luz kila kitu bila kupunguza. Sikuwa na mwingine wa kumwendea aliyejua alama ile inasema nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua simu kumwita bwana wa usalama wa hoteli, naye akaita watu wale wanaochukua dawa zilizoharibika. Walikuja wawili wenye glavu ndefu. Walichukua unga mweupe kwa gari moja, ule wa manjano wakaurudia kwa safari nyingine, na Mzee Bakari alipolisikia hilo alijivuna kama kwamba yeye ndiye aliyewafundisha. Bwana wa usalama aliandika alichoandika, sikuomba kukisoma. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutoroka zamu, ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya Biblia. Mzee alimkuta bibi yake amesimama juani na marobota ya vitambaa, akamwambia tairi lilitoboka, na bibi, Mungu ambariki, akamwuliza kama ameumia. Barasa alikaa wiki nzima na begi limefungwa, akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Siku ya nane alilifungua begi akapanga mashati yake rafuni, na siku ile nilikula chakula nikasikia chumvi yake.

Nafula alitua ile Jumamosi, na hapakuwa na chemchemi ya dhahabu. Tulimpokea kwa matumbo na ugali, na Barasa akampigia ule wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho, sehemu ya kati bila kosa. Wiki chache baadaye, Sikukuu ya Taifa, tulikwenda sote kuketi kwenye nyasi za Corniche, kando ya bahari, kutazama fataki za wenyewe, zilizotengenezwa na wenye kazi yao na kurushwa kutoka mbali huko majini. Zilipoanza kupasuka mimi niliziba masikio. Barasa hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa ameshika mkono wa Nafula anautazama wake mwenyewe, na pale pale, nadhani, ndipo alipomsimulia, kwa sababu nilimwona Nafula akiuchukua ule mkono na kuuweka shavuni. Ni mwaka ule pia nilipojifunza kumwuliza mtu mara ya pili, na ya tatu, neno ninalodhani nalijua. Wajukuu zangu wananiona mkorofi kwa hilo.

Nimekatizwa kuandika kwa sababu keki imeletwa. Ni alasiri, mapazia yamefungwa kidogo ili mishumaa ionekane, watoto wa jirani wamejaa, Wahindi, Wasudani, Waganda. Mzee Bakari yuko kwenye simu ya Nafula iliyoegemezwa jagi la maji, yuko kwake Mombasa, ndevu zote nyeupe, anamsalimu kila mtu kwa kupiga kelele. Imani ametazama mishumaa yake kumi akasema, "Baba, kiberiti kiko wapi?" Barasa akanitazama. Nafula akanitazama. Ndani ya simu mzee akauliza, "Asemaje mtoto? Ataka nini?"

"Kiberiti, mzee!" nikamwambia.

"Kipi?"

Tulicheka mpaka Nafula akalazimika kukaa. Imani alituona wendawazimu, akaenda jikoni akarudi na kiboksi, baba yake akawasha njiti mwenyewe, mshumaa mmoja mmoja. Kisha akaenda kwenye kinanda, kile kile cha zamani, funguo zake mbili zimepauka, akatupigia wimbo wa kuzaliwa. Mtoto alinivuta mkono akaninong'oneza, "Shangazi, mbona unasogeza midomo na huimbi?"

Nikamwambia nahesabu.

"Unahesabu nini?"

Barasa alisikia. Aliumaliza wimbo, akageuka kitini, akaniinulia mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimetanuka, akatulia hivyo nimalize.